MOTO WA USIKU: TUCHUNGUZE AU TUPIGE RAMLI?



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.t.), aliyetuamuru uadilifu na kutukataza dhuluma. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwezi huu tumeona ni wajibu wetu kulizungumzia wazi jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likisemwa kwa kunong'ona vibarazani na kwenye mabaraza ya kahawa. Nalo ni moto unaozuka usiku wa manane, ukateketeza nyumba, duka au bweni la watoto, na kulipokucha hakuna awezaye kusema ulianzia wapi.

Sisi tunaoishi Butimba tunalijua tatizo hili. Tumekaa baina ya ziwa na majabali. Nyumba nyingi za Mwanza zimepanda milimani, zimebanana katikati ya mawe, na njia za kuzifikia ni za miguu. Moto ukizuka huko juu, gari la zimamoto huishia barabarani, na majirani hubaki kupokezana ndoo za maji na mchanga, ilhali maji ya ziwa yanameremeta chini yao. Basi majivu hayajapoa, tayari kauli tatu zimekwisha kuzunguka mtaa mzima. Ya kwanza husema: huu si moto wa kawaida, una mkono wa mtu, na mtu huyo ni yule kikongwe wa nyumba ya jirani. Ya pili husema: hawa ni watu wa dini ile, wametuchoma. Ya tatu hutoka kwa wenye mamlaka, nayo husema: uchunguzi unaendelea.

Kauli hizi tatu hazifanani kwa sura, lakini zinafanya kazi moja. Zote zinalifunga swali kabla halijajibiwa. Na pale swali linapofungwa, moto wa pili huwa umekwisha kuandaliwa.

LISEMWALO LIPO?

Wako miongoni mwetu watu ambao ushahidi wao wote ni methali moja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa methali hiyo watu wamehukumiwa, wamefukuzwa katika nyumba zao, na wengine wameuawa. Tunawauliza ndugu hao: ni kadhi gani wa Kiislamu aliyewahi kupokea methali mahali pa shahidi?

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, kwamba habari ikiletwa na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki kujuta. Katika aya ya 12 ya sura hiyo hiyo ametuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Na katika Surat Al-Israa, aya ya 36, ametukataza kufuata jambo tusilokuwa na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Hizi ni aya tunazozisikia katika khutba mwaka mzima. Iweje basi siku nyumba ya jirani inapoungua tuzisahau zote kwa pamoja, tukashika la mtaani?

SWALI LA SHULE ZETU

Mwaka 2020 ulikuwa mwaka wa majonzi kwa shule za Kiislamu nchini. Mwezi wa Julai mabweni ya Ilala Islamic, Kinondoni Muslim na Mivumoni Islamic, zote za Dar es Salaam, yaliungua kwa kufuatana. Machozi hayajakauka, usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba likateketea bweni la wavulana la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Watoto 10 walifariki dunia. Sisi watu wa Mwanza hatuwezi kusema hayo yalikuwa mambo ya mbali. Kagera ni ng'ambo ya ziwa letu hili hili, na nyumba nyingi za hapa zina jamaa huko.

Waislamu wakauliza: mbona shule zetu? Swali hilo lilikuwa la haki, na hatuoni haya kulirudia. Mzazi aliyempeleka mwanawe akasome Qur'ani na hesabu, kisha akaitwa kuja kumtambua katika majivu, ana haki ya kuuliza lolote. Ana haki ya kuuliza hata kama kuna hujuma, na serikali yoyote inayomwona mchochezi kwa sababu ameuliza inaongeza shaka badala ya kuiondoa.

Kosa walilifanya wale ambao hawakungoja jibu. Walikwisha kumjua mhalifu, dini yake na waliomtuma, na hawakuwa na hata njiti moja ya kiberiti ya kuonyesha.

Hebu tujiulize kwa uadilifu. Mwaka 2016 ziliungua shule kadhaa za sekondari katika wilaya za Monduli na Longido, mkoani Arusha. Mwaka huo huo, nchini Kenya, shule zaidi ya 100 zilichomwa moto, na katika kesi nyingi waliotuhumiwa walikuwa wanafunzi wenyewe. Shule hizo hazikuwa za dini moja. Je, tuko tayari kusikia jibu la namna hiyo likitolewa juu ya shule yetu? Au tunataka uchunguzi kwa sharti kwamba umtaje adui tuliyekwisha kumchagua?

Tena tukumbuke na upande wa pili. Mwaka 2015, katika mji wa Bukoba na vitongoji vyake, makanisa kadhaa yalichomwa moto usiku. Majirani zetu Wakristo nao wakauliza: mbona makanisa yetu? Siku zile vidole vilituelekea sisi. Tulikasirika, tukasema kuwa Uislamu hauruhusu kubomoa nyumba za ibada za watu, na kwamba mhalifu atafutwe kwa jina lake, asitafutwe kwa jina la dini yake. Tulisema kweli. Basi kweli hiyo hiyo ndiyo inayotulazimu pale tunapoungua sisi. Katika Surat Al-Maidah, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anatuonya kuwa chuki yetu kwa watu fulani isitupeleke kuacha uadilifu. Uadilifu tunaoudai tunapotuhumiwa, kisha tukauweka kando tunapotuhumu, huo ni ubinafsi uliovishwa kanzu.

RAMLI HAIZIMI MOTO

Sasa tuje kwenye maradhi yaliyo makubwa zaidi katika ardhi hii ya Usukumani, ambayo wengi wa wanaharakati wetu huogopa kuyagusa kwa sababu yamo ndani ya nyumba zetu wenyewe.

Nyumba imeungua. Baba mwenye nyumba anaswali swala tano, na Ijumaa hukaa safu ya mbele. Lakini kabla hajamwita fundi wa umeme kukagua nyaya, amekwisha kufunga safari kwenda kwa mganga. Mganga anatazama maji, au anatikisa kibuyu, au anafungua kitabu chenye herufi za Kiarabu, kisha anamtajia: aliyekutendea haya ni mwanamke, ni mtu mzima, anaishi upande wa machweo, na macho yake ni mekundu.

Ni mwanamke gani mzee wa vijijini kwetu asiyekuwa na macho mekundu? Amepika miaka 50 juu ya moto wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Wekundu wa macho yake ni alama ya utumishi wake kwa watoto na wajukuu. Mpiga ramli ameigeuza alama hiyo kuwa hati ya kifo.

Na kifo tunachokisema si cha mfano. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2012 kuwa watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kati ya mwaka 2005 na 2011 kwa tuhuma za uchawi. Mikoa ya Kanda ya Ziwa imekuwa ikitajwa mbele katika mauaji hayo, na wanaouawa zaidi ni wanawake vikongwe. Mwezi wa Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, watu 7 waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na miongoni mwa waliokamatwa na polisi alikuwemo mganga wa kienyeji. Tazameni basi mahali tulipofika: watu wanaodai kumtafuta mchawi wa moto, wao wenyewe wakawa wachomaji. Ilhali Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bukhari, amefundisha kuwa kuadhibu kwa moto ni haki ya Mwenyezi Mungu peke yake. Mujahidi katika uwanja wa vita hakuruhusiwa, seuze kundi la vijana walevi na viberiti mkononi!

Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, nayo imebaki katika vitabu vya nchi. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi. Sheria na marufuku vina kazi yake. Lakini mpiga ramli haishi kwa sheria, anaishi kwa wateja, na wateja wake wengine hutoka katika safu zetu za swala.

Tena tuseme wazi bila ya kumung'unya maneno. Wapo wanaojiita masheikh ambao ofisi zao hazitofautiani na kilinge cha mganga ila kwa kanzu na ubani. Hupiga ramli, hutaja majina ya majirani, kisha huiita kazi hiyo "elimu ya nyota". Yamepokewa na Muslim mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Hiyo ndiyo hasara ya anayeuliza. Je, anayejibu, tena akamtaja bibi wa watu asiye na hatia, atakuwa na hali gani mbele ya Mola wake?

MTUME ALIFANYA NINI NYUMBA ILIPOUNGUA?

Ndugu zetu wengi hawajui kuwa jambo hili lilikwisha kutokea Madina. Imepokewa kwa Abu Musa al-Ash'ari, katika Bukhari na Muslim, kwamba nyumba moja iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w.) akapewa habari. Alifanya nini? Hakuuliza nani alionekana akipita. Hakumwita mtabiri, na Madina haikukosa wanafiki wala maadui wa kutuhumiwa. Alieleza kuwa moto ni adui yetu, na akaamrisha tuuzime kabla ya kulala.

Na katika hadithi nyingine mashuhuri, iliyopokewa kwa Jabir, aliamrisha taa zizimwe usiku kwa kuwa panya huweza kuuburuta utambi na kuwaunguzia watu nyumba. Panya na utambi! Hiyo ndiyo elimu ya Mtume: alikitazama chanzo kinachoonekana, akaweka kinga inayowezekana.

Atasema msemaji: lakini iko riwaya kwa Abu Dawud inayomtaja shetani kuwa ndiye anayemwongoza panya kufanya hivyo. Naam, iko, na sisi tunaiamini. Lakini hebu isomeni mpaka mwisho. Hata alipotajwa shetani, amri iliyotolewa ni ile ile: zimeni taa. Hakuna aliyeagizwa kumsaka jirani. Mwenye kuamini kuwa shetani yumo katika jambo hili na azime kibatari chake, kwani ndivyo alivyofundishwa kumshinda.

MLANGO ULIOFUNGWA KWA NJE

Ikiwa hivyo ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.), basi sisi wenye shule na madrasa tunalo la kujibu.

Tarehe 23 Agosti 2009, katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni. Ilielezwa kuwa chanzo ni mshumaa aliokuwa akisomea mwanafunzi. Panya na utambi wa Madina vimerudi kwa jina la mshumaa, na sisi tulikuwa tumelala. Nchini Kenya, mwaka 1998, wasichana 26 walikufa katika Shule ya Bombolulu, wilayani Kwale, wakiwa nyuma ya milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo. Palisemwa mengi, na maagizo yakatolewa. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika Shule ya Kyanguli, Machakos. Safari hii ni wanafunzi waliotuhumiwa kumwaga petroli. Lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo zile zile. Tarehe 5 Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, wakafariki watoto 21.

Tunaomba msomaji azingatie jambo moja. Moto wa mshumaa, wa nyaya, wa petroli na wa adui, wote humkuta mtoto mahali pamoja: kitandani, juu ya godoro la sponji linalotoa moshi wa sumu kwa dakika chache, nyuma ya mlango uliofungwa. Aliyeuwasha huenda tusimjue kamwe. Aliyeufunga mlango tunamjua.

Wako mameneja wa shule zetu wanaofunga mabweni kwa kufuli usiku, hasa ya wasichana, na wakiulizwa husema wanalinda maadili. Wengine husema Mtume ameamrisha milango ifungwe usiku. Subhanallah! Mlango ule hufungwa na aliyelala ndani, na mkono wake unaweza kuufungua. Kufuli la nje ambalo ufunguo wake uko kwa matroni, naye amelala nyumba nyingine, halilindi maadili ya yeyote. Linawageuza watoto wa watu kuwa mateka wa usiku.

Wako pia wanaoleta vishoka wasio na leseni kuvuta umeme bwenini ili kupunguza gharama, soketi moja ikabebeshwa pasi, hita na simu ishirini. Siku nyaya zinapoyeyuka, wao huwa wa kwanza kusema tumehujumiwa. Atakayethubutu kuwauliza nyaya zilifungwa na nani huambiwa anaudhoofisha umma. Sisi tunasema umma unadhoofishwa na wanaoficha uzembe wao nyuma ya jeneza za watoto.

UCHUNGUZI UNAOENDELEA MILELE

Tumewasema ndugu zetu, sasa tuwaambie na wenye mamlaka. Ramli hushamiri mahali ambapo uchunguzi hausemi. Mtu akiambiwa "hitilafu ya umeme" bila ya kuonyeshwa ni nyaya ipi, au akaambiwa "kamati imeundwa" na asisikie tena habari ya kamati hiyo, ataitafuta habari kwingine, na mganga hafungi ofisi.

Soko la Karume, Dar es Salaam, lilipoungua tarehe 16 Januari 2022, wengi walisema ni hila ya kuwaondoa wamachinga. Kamati iliyoundwa na mkoa ilichunguza, ikaeleza hadharani kuwa chanzo ni mshumaa uliowashwa na mtumiaji wa dawa za kulevya. Mtu anaweza kuikubali taarifa hiyo au kuipinga. Lakini inapingika kwa sababu imesemwa, na aliyeipinga ana kitu mkononi cha kujadili. Hivyo ndivyo tunavyotaka kwa kila moto ulioua au kuwaacha watu bila makazi, uwe wa msikiti, kanisa, shule au kibanda cha mama lishe. Taarifa isomwe mbele ya wafiwa, kwa lugha wanayoielewa, na aliyezembea atajwe hata akiwa ni mmoja wetu.

TUNALOLITAKA

Kwanza, kila imamu wa misikiti yetu alisome suala la ramli mimbarini kwa jina lake, na asiwaonee haya wapiga ramli wenye kilemba.

Pili, nyumba ikiungua, jambo la kwanza liwe kupiga namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na la pili kuwazuia watu wasivuruge majivu kabla ya wachunguzi kufika. Ushahidi wa moto uko ardhini, katika nyaya na katika masizi. Ukifagiwa, umebaki uvumi tu.

Tatu, wazazi wenye watoto katika shule za bweni, za Kiislamu na nyinginezo, waende usiku wakaulize maswali matatu: milango ni mingapi, ufunguo uko wapi, na madirisha yanafunguka? Shule isiyojibu, watoto waondolewe.

Nne, panapozuka moto wa mashaka, majirani wa kila dini wakae pamoja mbele ya mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo, kabla uvumi haujalala usiku mmoja. Na kama kuna kikongwe anayenyooshewa kidole, vijana wa msikiti wawe wa kwanza kukesha mlangoni kwake kumlinda. Hiyo ndiyo daawa itakayoeleweka Usukumani bila ya mkalimani.

Tunajua kuwa wako watakaotukasirikia. Mganga atakasirika kwa kuwa tumemharibia soko, meneja kwa kuwa tumetaja kufuli lake, na ofisa kwa kuwa tumemdai taarifa. Wakasirike. Hasira za hao watatu ni nyepesi kuliko ushahidi wa watoto 10 wa Byamungu na wa vikongwe wa Kanda ya Ziwa siku ambayo hapatakuwa na kamati wala ramli, na kila mmoja ataulizwa alichokitenda.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira wafiwa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia kauli wakazifuata zilizo njema.

Wabillahi tawfiq.